Kwa nini Wamarekani waliukataa mpango uliowasaidia? Namna ya kusoma tafiti za maoni kuhusu kichocheo cha uchumi cha 2009

Swali la msomaji: Naandika tasnifu ya shahada ya kwanza katika sayansi ya siasa kuhusu mpango wa Rais Obama wa kuchochea uchumi, mwaka 2009. Wanauchumi wengi wanasema mpango ule ulipunguza ukosefu wa ajira, lakini tafiti za maoni zinaonyesha kwamba kufikia mwanzoni mwa 2010 Wamarekani wengi walikuwa wameukataa. Msimamizi wangu anasema jibu ni rahisi: wananchi walipotoshwa na vyama vyao. Je, ni kweli? Na takwimu hizi nizisomeje ili nisikwame siku ya kuitetea kazi yangu?

Jibu: Ndugu, msimamizi wako ameshika kipande cha ukweli, ila kipande hicho peke yake hakiwezi kubeba tasnifu nzima. Vyama viligawanya maoni ya watu, hilo halina ubishi. Lakini mpango wenyewe uliundwa kwa namna iliyoufanya usionekane, na lile swali la "unaunga mkono au unapinga?" lilibeba mambo kadhaa yasiyofanana. Kazi yako ni kuyatenganisha, ukianza na mpango wenyewe kabla hujagusa tafiti.

Obama alitia saini sheria ile tarehe 17 Februari 2009 mjini Denver. Thamani yake ilitangazwa kuwa dola bilioni 787, na baadaye Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, CBO, ikakadiria kwamba gharama ingevuka bilioni 830. Serikali iligawa fedha hizo katika mafungu makubwa matatu: takriban bilioni 288 za nafuu ya kodi, bilioni 224 za mafao ya wasio na kazi pamoja na elimu na afya, na bilioni 275 za mikataba, ruzuku na mikopo. Barabara kuu na madaraja vilipata bilioni 27.5. Piga hesabu: ni chini ya asilimia 4 ya mpango wote. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida akisikia "kichocheo cha uchumi" alichokiona kichwani ni greda na kofia za wajenzi, na wanasiasa wa pande zote mbili walizungumza hivyo hivyo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza watu waliulizwa maoni yao kuhusu kitu ambacho wengi hawakujua kina nini ndani.

Sasa kura za bungeni. Mswada ulipopita mara ya kwanza katika Baraza la Wawakilishi tarehe 28 Januari 2009, ulipata kura 244 dhidi ya 188. Hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeuunga mkono, na Wademocrat 11 waliupinga. Toleo la mwisho lilipita tarehe 13 Februari kwa 246 dhidi ya 183, tena bila Mrepublican yeyote. Seneti ndiko kulikokuwa na kazi. Kanuni zake zilidai kura 60, na Wademocrat hawakuwa nazo, hivyo hatima ya mpango ikawa mikononi mwa Warepublican watatu: Susan Collins na Olympia Snowe wa Maine, na Arlen Specter wa Pennsylvania. Hawa walitaka gharama ipunguzwe, ikapunguzwa. Seneta Edward Kennedy wa Democratic alikuwa mgonjwa, hakuwepo. Usiku ule wa kura ya mwisho ukumbi ulikaa wazi kwa saa kadhaa ukimsubiri Seneta Sherrod Brown arudi kwa ndege kutoka Ohio, alikokuwa kwenye msiba wa mama yake, ili aipige kura ya 60. Matokeo yakawa 60 kwa 38. Miezi miwili baadaye Specter akahamia chama cha Democratic. Taja haya kwa ufupi katika sura yako ya kwanza, kwa sababu kura za namna hii ni ishara kwa wananchi. Mtu asiyekuwa na muda wa kusoma sheria ya mamia ya kurasa huangalia watu anaowaamini wamepiga kura gani, na hapa ishara ilikuwa safi kabisa: wetu karibu wote ndiyo, wao karibu wote hapana.

Tuje kwenye tafiti. Kampuni ya utafiti wa maoni ya Gallup ilipouliza mwanzoni mwa Februari 2009, asilimia 52 waliunga mkono. Siku chache baadaye, Obama akiwa ameshafika Elkhart, Indiana, na Fort Myers, Florida, kuunadi mpango, kiwango kilipanda hadi asilimia 59, na waliopinga walikuwa asilimia 33. Ukiishia hapo utaandika kwamba rais aliwashawishi Wamarekani. Fungua jedwali la vyama. Miongoni mwa Wademocrat uungaji mkono ulipanda kutoka asilimia 70 hadi 82, na hapo ndipo lilipotoka ongezeko. Warepublican walikuwa asilimia 28, na wasiofungamana na chama asilimia 56. Yaani kampeni ile iliwakusanya waliokuwa wake tayari. Hilo ni tofauti kabisa na kushawishi, na lisipotenganishwa, sura yako nzima itaegemea ukuta usiokuwepo.

Mtego wa pili ni mchanganyiko wa sampuli. Chukua asilimia hizo hizo za kila kundi, 82, 28 na 56, usizibadilishe. Tuseme sampuli yako ina Wademocrat asilimia 36, Warepublican 28 na wasio na chama 36. Zidisha na ujumlishe: 29.5 + 7.8 + 20.2, unapata 57.5. Sasa tuseme sampuli nyingine ina Wademocrat 30, Warepublican 33 na wasio na chama 37: 24.6 + 9.2 + 20.7, unapata 54.5. Uungaji mkono "umeshuka" kwa pointi tatu na hakuna mtu hata mmoja aliyebadili mawazo. Ndiyo maana kulinganisha kampuni moja ya utafiti na nyingine bila kutazama mgawanyo wa vyama ni kosa kubwa. Fuata kampuni moja yenye swali moja lililorudiwa neno kwa neno, na kila inapowezekana andika asilimia ya kila kundi pembeni ya jumla.

Kuhusu kiwango cha makosa, kuna njia ya haraka ya kukadiria: gawa 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Wahojiwa 1,000 wanakupa takriban pointi 3 juu au chini. Lakini ndani ya sampuli hiyo Warepublican huenda ni 280 tu, na kwao kiwango ni pointi 6. Ukilinganisha tafiti mbili za watu 1,000 kila moja, tofauti ndogo kuliko pointi 4 au 5 usiijengee hoja. Ule mruko wa Gallup wa pointi 7 unapita kipimo hiki. Miruko mingi utakayokutana nayo magazetini haitapita. Na upimaji halisi huongeza uzani wa umri, elimu na eneo, jambo linaloukuza upana huo zaidi, kwa hiyo kipimo hiki kichukue kama kiwango cha chini.

Turudi kwenye kuanguka kwa maoni. Januari 2010, utafiti wa CNN na Opinion Research ulikuta asilimia 56 wanapinga na 42 wanaunga mkono, na karibu robo tatu ya wahojiwa waliamini kuwa angalau nusu ya fedha imepotea bure. Mwezi uliofuata, utafiti wa CBS na New York Times ulikuta asilimia 6 tu wanaosema mpango umeshaleta ajira, na asilimia 12 tu wanaosema serikali ya Obama imepunguza kodi kwa Wamarekani wengi. Linganisha na makadirio ya CBO: katika robo ya pili ya 2010 mpango ulikuwa umeongeza watu walio kazini kwa kati ya milioni 1.4 na milioni 3.3, na kushusha ukosefu wa ajira kwa kati ya pointi 0.7 na 1.8. Pengo hili ndilo swali lako. Upotoshaji wa vyama unaeleza sehemu yake, lakini jiulize: ilikuwaje hata Wademocrat wengi hawakujua kwamba kodi yao imepungua?

Jibu liko kwenye slipu ya mshahara. Nafuu kubwa ya kodi katika mpango ule iliitwa Making Work Pay: hadi dola 400 kwa mfanyakazi mmoja na dola 800 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja. Haikuja kama hundi. Mamlaka ya kodi ilitoa majedwali mapya ya makato, na waajiri wakaanza kukata kidogo zaidi kuanzia Aprili 2009. Mfanyakazi anayelipwa kila wiki mbili, dola 400 zikigawanywa kwa malipo 26 ya mwaka, alipata nyongeza ya takriban dola 15 kila malipo. Kwenye slipu hapakuwa na mstari wenye jina la nafuu hiyo. Kilichokuwepo ni mstari ule ule wa kodi ya mapato ya shirikisho, na tarakimu yake imepungua kidogo. Mwezi huo huo mwajiri akiwa amepunguza saa za ziada, au mchango wa bima ya afya umepanda, hizo dola 15 zinamezwa na mfanyakazi anaona mshahara wake umeshuka. Ukimuuliza kama serikali imempunguzia kodi atasema hapana, na huwezi kumwita mwongo.

Waliouunda mpango hawakufanya hivyo kwa uzembe. Mwaka 2008 serikali ya Bush ilituma hundi, na tafiti zikaonyesha kuwa watu wengi waliziweka akiba au kulipia madeni. Ikadhaniwa kwamba pesa ndogo ndogo ingetumika bila mtu kuwaza, na uchumi ungesukumwa. Baadaye wanauchumi Claudia Sahm, Matthew Shapiro na Joel Slemrod waliuliza familia zenyewe: karibu robo walisema malipo ya mkupuo wangeyatumia kwa sehemu kubwa, lakini kwa nyongeza ya kwenye mshahara waliosema hivyo walikuwa asilimia 13 tu. Kwa hiyo uamuzi uliochukuliwa kwa hoja ya kiuchumi haukuleta matumizi yaliyotarajiwa na wakati huo huo uliondoa shukrani ya mpiga kura. Kwa maoni yangu, hili ni miongoni mwa makosa makubwa ya kisiasa ya mpango mzima, na linastahili kurasa nyingi katika kazi yako kuliko hotuba yoyote.

Fedha za majimbo nazo zilifichika, kwa sababu tofauti. Karibu majimbo yote ya Marekani yanabanwa na sheria zao kusawazisha bajeti, hivyo mapato ya kodi yakishuka ni lazima yafukuze watu au yapandishe kodi. Mpango uliyapa takriban bilioni 87 za kusaidia Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, na bilioni 53.6 za mfuko wa kuimarisha bajeti, hasa za elimu. Matokeo yake ni walimu na wauguzi ambao hawakufukuzwa. Mwalimu ambaye barua ya kuachishwa kazi haikuandikwa hana siku ya kukumbuka, na mzazi wa mtoto anayemfundisha hana cha kuona. Sasa mwulize mzazi huyo kwenye simu kama mpango umeleta ajira. Atatafuta kichwani kazi mpya aliyoiona, asiione.

Barabara zilionekana, ila zilichelewa. Fedha za shirikisho za barabara hazitolewi mbele. Jimbo linapendekeza mradi, mamlaka ya shirikisho inaidhinisha na kuzifunga fedha kwa mradi huo, zabuni inatangazwa, mkandarasi anafanya kazi, anatoa ankara, jimbo linalipa, kisha linarudishiwa. Kwa hiyo ripoti ya "fedha zilizotolewa" ilionyesha kiasi kidogo hata pale ambapo mikataba ilikuwa imesainiwa na watu wako kazini. Sheria iliyataka majimbo yafunge nusu ya fedha za barabara kwa miradi ndani ya siku 120, na muda mfupi hivyo hauruhusu kusanifu daraja jipya. Sehemu kubwa ikaenda kwenye kuweka lami upya, kazi ambayo dereva huikumbuka kwa foleni. Oktoba 2010 Obama mwenyewe alikiri gazetini kwamba miradi iliyo tayari kuanza mara moja haikuwepo kama ilivyodhaniwa. Ukikuta chati ya matumizi, angalia kwanza kama inapima fedha zilizoidhinishwa, zilizofungwa kwa mradi, au zilizolipwa. Hizo ni tarakimu tatu tofauti kabisa kwa mwezi mmoja, na kila upande ulichagua iliyoufaa.

Juu ya hayo yote kulikuwa na chati moja iliyouumiza mpango kuliko hotuba za wapinzani. Mapema Januari 2009, Christina Romer na Jared Bernstein, wachumi wa timu ya Obama, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba bila mpango ukosefu wa ajira ungefika takriban asilimia 9, na ukiwepo mpango usingevuka asilimia 8 hivi. Tarehe 30 Januari serikali ilitangaza kuwa uchumi ulikuwa umesinyaa kwa kasi ya asilimia 3.8 kwa mwaka katika robo ya mwisho ya 2008. Makadirio yalipokuja kurekebishwa, kusinyaa kulikuwa zaidi ya asilimia 8. Wachumi walikuwa wakimpima mgonjwa kwa kipimajoto kibovu. Februari, mwezi wa kutia saini, kiwango kilikuwa tayari kimepita asilimia 8, kabla fedha hazijatumika, na Oktoba 2009 kikafika asilimia 10. Warepublican waliichukua chati ile na kuchora juu yake mstari wa hali halisi, na mwananchi akaona mstari halisi uko juu hata ya ule wa "bila mpango". Kueleza kwamba bila mpango hali ingekuwa mbaya zaidi kunahitaji msikilizaji afikirie uchumi ambao haukutokea. Hiyo ni hoja sahihi, na ni ngumu mno kuiuza kwa mtu aliyepoteza kazi.

Makosa ya uendeshaji yalikuwepo, na usiyafiche. Novemba 2009 tovuti ya serikali ya kufuatilia fedha ilionekana ikiorodhesha ajira katika wilaya za uchaguzi zisizokuwepo, kwa sababu wapokeaji wa fedha walijaza namba vibaya na hakuna aliyezihakiki kabla ya kuchapishwa. Kampuni ya Solyndra ya paneli za sola, iliyopata dhamana ya mkopo ya dola milioni 535, ilifilisika mwaka 2011. Ukilinganisha na mpango mzima ni sehemu ndogo sana, lakini ilikuwa na jina, jengo na picha, wakati mwalimu aliyebaki kazini hakuwa na picha.

Tuje kwenye neno "napinga". Ndani yake kulikuwa na watu wa aina tofauti. Wapo waliopinga kwa kuwa walitaka serikali ikope kidogo na ipunguze kodi zaidi. Wachumi kama Robert Barro na John Taylor waliwapa hoja za kitaalamu. Wapo waliokatishwa tamaa kwa sababu mpango ni mdogo mno, hoja ambayo Paul Krugman aliirudia tangu mwanzo. Na wapo waliouchanganya na jambo lingine kabisa: mfuko wa dola bilioni 700 wa kuokoa benki, uliosainiwa na Bush Oktoba 2008. Kituo cha utafiti wa maoni cha Pew kilipouliza Julai 2010, asilimia 34 tu walijua kwamba mfuko ule ulipitishwa chini ya Bush, na asilimia 47 walisema ni wa Obama. Hasira ya kuona benki zikiokolewa ilimwagikia mpango ambao haukuwa wa benki. Ndiyo maana tafiti zilipouliza sehemu moja moja, ujenzi wa miundombinu au nafuu ya kodi kwa watu wa kati, uungaji mkono ulikuwa juu kuliko pale lilipotajwa jina la mpango. Katika tasnifu yako weka safu mbili, moja ya jina na nyingine ya yaliyomo, na uangalie upana wa pengo.

Sasa vyama. Hapa msimamizi wako yuko kwenye uwanja wake, lakini msaidie kwa ulinganisho. Februari 2008, Bush akiwa rais na Wademocrat wakishika Bunge, mpango wa takriban dola bilioni 152 ulipita Seneti kwa 81 dhidi ya 16 na Baraza la Wawakilishi kwa 380 dhidi ya 34. Machi 2020, Trump akiwa rais na Wademocrat wakishika Baraza la Wawakilishi, mpango wa dola trilioni 2.2 ulipita Seneti kwa 96 dhidi ya 0. Machi 2021, Wademocrat wakishika kila kitu, mpango wa dola trilioni 1.9 ulipita Seneti kwa 50 dhidi ya 49, bila Mrepublican hata mmoja. Tazama mpangilio: madaraka yakigawanyika, pande zote mbili zinamiliki matokeo, kwa hiyo kila moja ina sababu ya kusaini. Chama kimoja kikishika vyote, walio nje hawapati sifa mambo yakienda vizuri, na wakiwa wamesaini hawawezi kulaumu yakienda vibaya. Kukataa kunakuwa na faida kwao. Baadhi ya wabunge waliopiga kura ya hapana mwaka 2009 waliandika barua kuomba fedha hizo hizo kwa maeneo yao, na mahesabu haya yanaeleza kwa nini.

Lakini usiseme kwamba mwananchi hufuata chama chake kama kivuli. Mwaka 2021, utafiti wa Pew wa mwanzoni mwa Machi ulikuta asilimia 70 wanaunga mkono mpango wa Biden, na kati yao wamo asilimia 41 ya Warepublican, wakati wabunge wao wote walikataa. Kwa nini 41 wakati 2009 walikuwa 28? Sababu moja ambayo data inaiunga mkono ni kuonekana: hundi ya dola 1,400 kwa mtu mzima ni kitu ambacho kila mhojiwa alikielewa, na walikuwa wameshapokea dola 1,200 na dola 600 mwaka 2020, ambapo jina la Trump lilichapishwa kwenye hundi za karatasi. Funzo la 2009 lilikuwa limeeleweka na vyama vyote viwili. Kisha mfumuko wa bei ukafika asilimia 9.1 Juni 2022, mjadala ukageuka, na hapo hoja ya waliosema fedha ni nyingi mno ikapata uzito hata kwa baadhi ya wachumi wa upande wa Democratic, kama Lawrence Summers aliyeonya mapema.

Kuna jambo la kipimo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Mhojiwa anapoulizwa kama mpango umeleta ajira, wakati mwingine hajibu anachokijua, anajibu kwa ajili ya timu yake. John Bullock na wenzake walifanya majaribio ambapo wahojiwa walilipwa kiasi kidogo kwa jibu sahihi la maswali ya ukweli wa kiuchumi na kisiasa. Pengo kati ya vyama lilipungua kwa zaidi ya nusu, na lilipungua zaidi walipolipwa pia kwa kusema "sijui" kwa uaminifu. Kwa hiyo, sehemu ya pengo unaloliona kwenye jedwali ni shangwe ya upande na siyo imani. Huwezi kujua ni sehemu gani kwa tafiti za kawaida, lakini unaweza kuangalia jibu la "sijui" liliruhusiwa vipi: tafiti zilizomlazimisha mhojiwa achague upande zitaonyesha mgawanyiko mkali kuliko zile zilizompa nafasi ya kusema hajui.

Na hapa ndipo ninapotofautiana waziwazi na neno "walipotoshwa". Sehemu ya ubishi ule ilihusu ukweli, na ukweli una jibu. Februari 2012 kituo cha IGM cha Chuo Kikuu cha Chicago kiliwauliza wanauchumi mashuhuri wa pande mbalimbali: asilimia 80 walikubali kwamba mwishoni mwa 2010 ukosefu wa ajira ulikuwa chini kuliko ambavyo ungekuwa bila mpango. Lakini walipoulizwa kama faida zote zinazidi gharama zote, pamoja na kodi za baadaye na athari nyingine, waliokubali walikuwa chini ya nusu, na wengi wa waliobaki walisema hawana uhakika. Mtu aliyesema "umeleta ajira, lakini sikubali watoto wangu waulipie" hakupotoshwa. Alikuwa na msimamo juu ya deni, na nakisi ya mwaka wa bajeti wa 2009 ilikuwa takriban dola trilioni 1.4, ingawa sehemu kubwa yake ilitokana na mdororo wenyewe na siyo mpango. Ukimweka mtu huyo kapu moja na aliyeamini kwamba kodi yake imepanda, umewadhulumu wote wawili na tasnifu yako itaanguka kwenye swali la kwanza la mtahini.

Kama unatafuta mahali pa kulinganisha karibu na kwetu, Kenya ilikuwa na mpango wake wa kuchochea uchumi katika bajeti ya 2009/10, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha: shilingi bilioni 22 zilizogawanywa kwa maeneo bunge, zikiwemo fedha za mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140, masoko na shule. Ilikuwa serikali ya mseto, kila mbunge alipata fungu lake, na mambo yalionekana kwa macho. Ubishi uliofuata ulihusu zaidi masoko ambayo hayakukamilika na mahali yalipojengwa. Hapo una jaribio la hoja yako: umiliki ukigawanywa na kitu kikaonekana, ugomvi hubadilika sura.

Kwa utaratibu wa kazi, chagua kampuni moja au mbili tu. Kwa kila utafiti andika tarehe za mahojiano na siyo za kuchapishwa, maneno kamili ya swali, kama swali lilitaja kiasi cha fedha au jina la rais, idadi ya wahojiwa, nafasi ya "sijui", kisha asilimia kwa kila chama. Pembeni weka kiwango cha ukosefu wa ajira kilichokuwa kimetangazwa wakati huo, na siyo kilichorekebishwa baadaye, kwa sababu mhojiwa alijua kile cha gazetini. Gawa maswali katika makundi matatu: ya jina la mpango, ya yaliyomo, na ya matokeo. Tafiti za baada ya uchaguzi wa Novemba 2010, ambapo Warepublican walinyakua viti 63 zaidi vya Baraza la Wawakilishi, zitengee sura yake. Kufikia hapo mpango ulikuwa umeshaunganishwa na sheria ya afya na harakati za Tea Party, wahafidhina waliopinga matumizi makubwa ya serikali, na aliyeulizwa kuhusu kimoja alikuwa akivijibu vyote kwa pamoja.